Aliyemuua Nyange Mfinyanzi

Hapo zamani, nisikilizeni bila kunikatiza, mji wa Kitope ulikuwa na kisima kimoja. Kazi ya kukifunika ilikuwa ya Jumbe Mwinyikondo. Hakukifunika. Mbuzi akatumbukia, akaozea humo, na watoto wakaanza kuhara.

Jumbe akaogopa lawama. Akamwita Kombo, mpiga mbiu. "Watangazie kwamba kisima kimechafuliwa na wasiotupenda."

Kombo alikuwa amemwona yule mbuzi kwa macho yake. Lakini wapiga mbiu walikula kiapo: usiongeze neno, usipunguze neno. Akazunguka mitaa yote na baragumu lake, akasema vilevile.

Watu wakauliza, "Wasiotupenda ni nani?" Kombo akapuliza baragumu lake, akapita. Msellem muuza kahawa, aliyejua kwamba umbea huuza vikombe, akadakia: "Mimi simtaji mtu. Ila hawa wafinyanzi waliotoka bara, si ndio wanaochimba udongo pale kisimani?"

Siku hiyo kahawa ilimwishia. Kesho yake asubuhi vijana wakamvamia Nyange mfinyanzi, wakampiga hadi akafa, mkewe Bi Sikudhani akitazama.

Sasa, mila ya Kitope ni hii: mjane humtaja muuaji, mmoja tu, naye hufukuzwa mji. Jua likitua hajamtaja, wazee husema ni kudra ya Mungu, kesi imekwisha.

Jumbe, Kombo, Msellem na wale vijana wakasimamishwa mbele ya Bi Sikudhani.

Jumbe akasema, "Jina la Nyange lilitoka kinywani mwangu? Lini?"

Kombo akasema, "Maneno si yangu, mama. Ningemtaja mbuzi, ningevunja kiapo."

Msellem akasema, "Mimi niliuliza tu. Siku hizi kuuliza ni kosa?"

Vijana wakasema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wadogo zetu walikuwa wanaumwa, sisi tungejuaje?" Nao walitaka wahesabiwe kama mtu mmoja.

Inanichoma kuisimulia. Hakuna aliyesema uongo mbele ya mjane siku ile, na Nyange yuko kaburini.

"Mmoja tu?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mmoja tu," wakajibu wazee. "Na fanya hima, jua linazama. Ukishamtaja, Kombo atautangazia mji."

Msellem alikuwa keshaanza kumimina kahawa.

Haya, ninyi hodari wa kusema: kidole cha mjane yule kimwelekee nani?