Tabasamu la Mzee Lukindo

Chande, mpiga picha wa Korogwe, alikuwa na meno matatu tu ya mbele, na kila jino lilitazama mtaa wake. Asubuhi moja mwenye nyumba wake, Mzee Lukindo, aliingia studio akiwa amenuna kama kawaida yake.

"Nagombea uenyekiti wa mtaa. Nataka picha nikiwa natabasamu."

"Basi tabasamu, mzee."

"Mimi sitabasamu! Nitilie tabasamu kwa kompyuta. Na mke wangu akigundua ni la bandia, kesho unanipisha chumba changu."

Chande akampiga picha, akaketi kwenye kompyuta, akavuta midomo huku na kule. Mzee akatokea kama kambale anayepiga miayo.

"Ndiyo nini hii?"

"Samahani, mzee. Ngoja nikuazime mdomo wangu."

Akajipiga picha, akaukata mdomo wake, akaubandika kwenye uso wa mzee, kisha akamgeuzia skrini. Mzee Lukindo akajikaza. Mabega yakaanza kucheza, akaangua kicheko mpaka kofia ikadondoka.

"Lo! Chande, na mdomo huu ulimposaje mkeo?"

"Nilimtuma mshenga, mzee. Mimi nilijificha."

Mzee akacheka tena, akajifuta machozi. "Futa uchafu huu! Fanya kazi!"

Jioni mke wa mzee akaishika picha iliyokamilika kwa mikono miwili. "Huyu ndiye mume niliyeolewa naye! Kompyuta haiwezi hivi."

Kesho yake mzee akarudi. "Chumba baki nacho. Ila hiyo programu inaitwaje?"

"Haina jina, mzee. Ulipokuwa ukinicheka, kamera niliyoiweka juu ya kompyuta ilikuwa inakupiga picha."