Ua la Chini ya Dirisha la Jumbe

Je, mnajua lile ua jeupe la wazimu, wanalolitafuna vijana, lilitoka wapi? Kaeni niwaambie, na asiyetaka aende zake.

Mwakio alikuwa na digrii. Mara tatu alipeleka barua ya kuomba kazi kwa Jumbe, na mara tatu akaambiwa, "Njoo kesho." Jumbe hakusoma hata moja, zote alizitupa dirishani. Chini ya dirisha hilo palilala zimwi mwenye njaa. Akazila, zikamkwama, akazitapika, na pale pale likachipuka ua jeupe.

"Tafuna, graduate," zimwi akamcheka Mwakio alipokuja tena kuulizia kazi. "Kazi utaiona."

Akatafuna petali ya kwanza, koo likamkauka, akaona kichuguu kimegeuka meza. Akatafuna ya pili, majani yakawa mafaili, naye akayagonga mihuri kwa gunzi la mahindi mchana kutwa, hakai, hatulii, macho yamemtoka. Akatafuna ya tatu, akaja mwanamke na bakuli la uji.

"Mwanangu, kunywa kidogo."

"Sorry, madam. Una appointment?"

"Mwakio! Mimi si mamako?"

"Njoo kesho."

Mama akaling'oa ua lile na mizizi yake. Asubuhi likawa limeota tena, maana barua bado zilikuwa zinatupwa. Mpaka leo Mwakio yuko kichuguuni, na mama yake yuko kwenye foleni, uji umepoa mkononi.

Nyinyi mlioko ndani, msituletee semina za dawa za kulevya. Fungeni hilo dirisha, someni barua zetu, mtujibu!