Dawa Iliyolala Haili Shaba

"Dawa iliyolala haili shaba." Mmeusikia leo kikaoni, mkaniuliza dawa na shaba vinakutana wapi. Kaeni niwaeleze, maana ulipozaliwa msemo huo napajua.

Hapa Njombe palikuwa na fundi redio aitwaye Atukuzwe Mlelwa, binti mpole mwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma hadi mifupani, alijiwa na Mama Tulizo, mwenyekiti wa akina mama wafugaji wa kuku. Mashine yao ya kutotolesha vifaranga ilikuwa imezimika, na ndani mlikuwa na mayai mia tatu ya siku ya kumi na nne.

Atukuzwe aliifungua. Kibao cha umeme kinachoongoza joto kilikuwa kimeungua. Kipya kingefika kutoka Dar es Salaam baada ya siku tano.

"Mayai yatasubiri?" aliuliza.

"Tumeyafunika mablanketi na chupa za maji moto. Mwisho jioni, mwanangu. Baada ya hapo tutakuwa tunapasha moto maiti."

Basi Atukuzwe akaamua kukitengeneza mwenyewe. Alichukua bao lililopakwa shaba, akachora juu yake njia za umeme kwa wino mzito, akalilaza katika sahani ya dawa ya kahawia. Kazi ya dawa hiyo ni kula shaba yote iliyo wazi na kuacha iliyofunikwa na wino. Alisubiri saa nzima, kisha ya pili. Shaba ilikuwa vilevile, ila wino ulianza kubanduka. Alipolitoa, mchoro ulikuwa umeharibika. Akabaki na bao moja tu, na aibu, kwani Mama Tulizo alikuwa mlangoni anatazama.

Aliketi akawaza. Dawa iliyogusa shaba ilikuwa imeshiba, lakini haikuondoka. Yenye njaa ilikuwa juu, haipati nafasi. Tena baridi ilikuwa imeilegeza. Aliwahi kuona pichani mtambo unaopuliza mapovu ndani ya dawa ya moto, lakini bei yake ilimtisha hata kuisoma.

Akatwaa dumu jembamba la mafuta ya kula, akalikata shingo. Akatoboa mpira wa dripu kwa sindano ya moto, akaukunja ndani ya dumu, chini kabisa, ncha yake akaiunga na pampu ya baiskeli. Akamimina dawa, akalisimamisha dumu katika beseni la maji moto. Bao la mwisho akalichora upya, akalining'iniza ndani kwa uzi wa nailoni.

"Mama, shika pampu. Taratibu, lakini usikatishe. Dawa ikiruka, doa lake halitoki nguoni."

Mama Tulizo akapampu. Mapovu yakapanda, yakalilamba bao pande zote. Alipochoka, mwenzake wa kikundi aliyekuja naye akampokea. Robo saa haijatimia, Atukuzwe akavuta uzi. Kila mstari aliouchora ulikuwa umesimama, na katikati yake shaba imekwisha kabisa.

"Dawa si ileile?" Mama Tulizo aliuliza, akihema.

"Ileile, mama. Asubuhi ilikuwa imelala. Dawa iliyolala haili shaba."

Akachomelea vipuri juu ya bao, na kabla ya magharibi mashine ilikuwa inatoa joto, na Atukuzwe alikaa kando yake akiitazama sindano ya kipimajoto hadi alipoamini. Wiki moja baadaye walitoka vifaranga mia mbili thelathini na wanane.

Mwaka uliofuata mabomba ya maji ya kijiji yalikaa stoo miezi minne huku wazee tukijadiliana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mama Tulizo alisimama, akasema, "Mabomba tunayo, chemchemi tunayo, mikono tunayo. Lakini wazee wangu, dawa iliyolala haili shaba."

Hakuna aliyemwomba aeleze. Tulikwenda kuchukua majembe.