Kipindi Kimoja cha Ijumaa

Lipo fumbo ambalo msimulizi wake amelibeba mwaka wa tisa sasa bila kupata pa kulitua. Amelipeleka kwa walimu, kwa madereva wa malori, kwa hakimu mmoja mstaafu, na kwa watoto waliokuwa wakichambua mchele. Kila mmoja alijibu bila kusita, na hawakupatikana wawili waliokubaliana. Sogezeni viti, wasio na viti wakae chini, mlisikie nanyi.

Linamhusu Subilaga Mwasandube, mwalimu wa Kiingereza katika Sekondari ya Itundwe, kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa Zambia. Shule hiyo ilikuwa na kibao: kipande cha mninga, urefu wa mkono wa mtoto, kilichotobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili alivalishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho mstarini siku ya Ijumaa alichapwa viboko vinne. Mkuu wa Shule, Mwalimu Ngailo, hakukianzisha kwa ukatili. Yeye mwenyewe alisomeshwa chini ya kibao kama hicho, na Kiingereza chake kilikuwa cha kupendeza.

Subilaga aliona jambo ambalo Mkuu hakuliona. Watoto hawakuongea Kiingereza zaidi. Waliacha kuongea. Alikuwa akiingia darasani akute vinywa hamsini na sita vimefungwa, na akiuliza swali, macho yote yanashuka kwenye madawati. Akaomba kipindi kimoja tu kwa wiki, Ijumaa saa nane mchana, akaanzisha vikundi vitatu vya Kiingereza: maigizo, gazeti na mdahalo. Kwa muda huo kibao kilitundikwa msumarini nyuma ya mlango, na aliyekosea alisahihishwa huku wenzake wakicheka naye. Baada ya mwaka mmoja, watoto watatu wa kidato cha tatu walikuwa wamechanua kuliko wote.

Fidelis Simkoko alikuwa wa maigizo. Baba yake aliziba pancha za baiskeli pale kituoni, na mtoto alikuwa mfupi, mwenye haya, asiyeweza kuomba chumvi mezani. Lakini mpe kofia ya mtu mwingine na maneno ya Kiingereza ya kusema, angekuwa mtu huyo mpaka kwenye namna ya kukohoa.

Enesia Nzunda alikuwa wa gazeti la ukutani, lile la karatasi kubwa lililobandikwa nje ya maktaba kila mwezi. Aliongea kidogo. Kazi yake ilikuwa kuuliza nani, nini, wapi, lini, na kungoja jibu kwa uvumilivu uliowachosha walimu. Alichokiandika, hukuweza kukikana.

Tusekile Mwambene alikuwa wa mdahalo. Mwalimu wake alimfundisha desturi moja: kabla ya kumpinga mtu, ieleze hoja yake vizuri kuliko anavyoieleza mwenyewe. Wengine iliwashinda. Tusekile aliimudu hata katika ugomvi wa kugombea ndoo bombani.

Siku ya Jumatatu, Mkuu alimwita Subilaga ofisini. Matokeo ya kidato cha pili yalikuwa mabaya.

"Vikundi vitatu vinavuruga ratiba, mwalimu. Ukumbi, madarasa, kelele. Muhula ujao kibaki kimoja."

"Mkuu, kila kimoja kinafundisha kitu chake."

"Kimoja," alisema Mkuu, bila ukali. "Nikiviacha vyote, walimu wa hesabu nao watakuja na vyao. Nipe jina."

Hilo ndilo lililokuwa kifuani mwa Subilaga Ijumaa ya wiki hiyo. Saa nane ilipopita kidogo, alisikia kelele barabarani.

Mtu mmoja aliingia langoni akikimbia, mtoto mdogo mikononi. Shati lake lilikuwa limelowa damu, na nyuma yake walikuja watu arobaini au zaidi wenye mawe, mipini na mapanga. "Mwizi wa watoto!" walipiga kelele. "Mzambia huyo! Msimwachie!" Jiwe lilimpata kisogoni akayumba. Mpini wa jembe ukamshukia mkono wa kushoto, na Subilaga, akiwa mlangoni pa darasa, aliusikia mfupa ukivunjika. Mtu yule hakumwangusha mtoto. Alipiga magoti karibu na mlingoti wa bendera, akamlaza mtoto chini taratibu, ndipo mateke yakaanza.

Subilaga alikimbia, akamnyakua mtoto, akamwingiza darasani na kumfunga jeraha la paja kwa kanga yake. Mengine yote aliyaona kupitia dirisha, mkono wake ukiwa umekandamiza damu ya mtoto yule.

Aliona tairi likiviringishwa. Aliona petroli ikimwagwa kutoka kwenye chupa ya maji. Aliona mwendesha bodaboda mmoja, Hosea, akiruka mbele ya wote na kupayuka, "Mchomeni! Nimemwona mwenyewe akimtia mtoto kwenye lori!"

Hapo filimbi ililia.

Ofisa wa polisi alitokea upande wa ukumbi, kifua mbele, fimbo kwapani. "Hatua mbili nyuma! Huyu ni mtuhumiwa wangu!" Umati, kwa mazoea, ulirudi hatua mbili. Ofisa akamgeukia mtu aliyelala chini, akamfokea kwa Kiingereza kikali, akimnyooshea fimbo usoni. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kumbe yale makaripio, Subilaga aliyasikia vizuri, yalikuwa haya: Usiogope. Mimi ni mwanafunzi. Usinyanyuke. Huyu binti karani wangu atakuuliza maswali, mjibu yote, upesi.

Alikuwa Fidelis, ndani ya sare iliyoshonwa kwa pazia, na kofia ya boksi iliyopakwa rangi. Dakika nne alikuwa polisi. Kisha mama mmoja akasogea.

"Hee! Kofia ya karatasi hii! Si Fidelis huyu, wa Simkoko mziba pancha?"

Walimpiga kwa hasira ya watu waliochekwa. Mbavu mbili zilivunjika, na vidole vya mkono wa kulia vikapondwa chini ya kisigino cha mtu ambaye Jumapili iliyofuata aliimba kwaya kanisani.

Katika zile dakika nne, karani alikuwa kazini. Enesia alipiga magoti kwenye petroli iliyotuama, sketi ikilowa, na hatua tatu kutoka kwake kijana mmoja alikuwa akitikisa kiberiti sikioni kuhakikisha kuwa kina njiti. Hakuangalia juu. Aliuliza kwa Kiingereza cha gazeti lake: jina, wapi, lini, uliona nini. Mtu yule alikuwa Mulenga, dereva wa lori la shaba. Alimkuta mtoto amegongwa kwenye kona ya machimbo ya kokoto, na pikipiki ikitokomea. Alimpakia kumpeleka hospitali. Watu walipomzuia akashindwa kujieleza kwa kutojua Kiswahili, aliona bango la sekondari, akadhani humo hatakosa mtu wa kumsikia. Wengine wangeishia hapo. Enesia aliuliza swali moja zaidi: kuna kitu chochote kilibaki barabarani? Kipo, alijibu Mulenga, kipande cha madigadi ya buluu, kile kikinga tope cha pikipiki, nimekiweka chini ya kiti. Enesia akaandika. Njiti ya kwanza ilipowashwa, upepo uliizima. Alipoona ya pili inatolewa, alijilaza juu ya Mulenga, akanyoosha mkono wenye karatasi.

Aliyeipokea alikuwa Tusekile. Alipanda kwenye msingi wa mlingoti, akasema kwa Kiswahili, ndani ya uwanja wa shule, akiwa na sare.

"Mna haki ya kuogopa! Mtoto ana damu, lori ni la mgeni, na mtu hajibu akiulizwa. Ningekuwa nje ya geti na nyinyi, nami ningeokota jiwe."

Hawakutegemea kusikia hayo.

"Binti wa nani wewe?" alipayuka Hosea. "Kahutubie jikoni kwenu!"

"Wa Mwambene, kaka, aliyekukopesha mbegu msimu uliopita. Na jikoni kwetu mtu anasikilizwa kabla ya kuchomwa." Mmoja wawili walicheka. Akasoma karatasi, neno kwa neno. Jiwe lilitoka nyuma ya umati likampiga mdomoni. Aliinama, akatema meno mawili kiganjani, akaendelea kusoma, damu ikidondokea kwenye kola. "Ba' mdogo wa mtoto yuko hapa. Fundi Andongwisye, shikamoo. Wewe ndiye mwenye uchungu. Nenda kwenye lori, uangalie chini ya kiti. Kama hakuna kitu, rudi na panga lako, mimi nitashuka."

Fundi Andongwisye, seremala na mchora mabango, alikwenda. Umati ulingoja, njiti ikiwa bado vidoleni mwa kijana. Fundi alirudi ameshika kipande cha madigadi ya buluu chenye nusu ya nyota nyeupe.

"Nyota hii nimeichora mwenyewe," alisema polepole. "Mwezi uliopita." Akamgeukia Hosea. "Pikipiki yako iko wapi?"

Hosea alikimbia hatua sita. Watu walewale, mawe yaleyale. Tusekile alipiga kelele waache, lakini mdomo uliovimba haukutoa neno la kueleweka. Taya la Hosea lilikuwa limevunjika, na tairi lilishaanza kuviringishwa kuelekea kwake, wakati polisi wa kweli walipoingia na gari lao, wakipiga risasi hewani. Mkuu wa Shule alikuwa amejifungia ofisini tangu mwanzo. Wengine walisema aliogopa. Ni kweli kwamba muda wote huo alikuwa na simu sikioni, akiwabembeleza polisi.

Kabla Mulenga hajapakiwa, Subilaga alitafuta kitu cha kunyooshea mkono uliovunjika. Alikichomoa kibao msumarini, akaufunga mkono kwacho, kwa kamba yake yenyewe ya katani. Mtoto alipona. Mulenga naye alipona, akarudi kwao. Wiki iliyofuata mwalimu wa nidhamu alisimama ofisi ya walimu akiuliza kibao kiko wapi, maana Tusekile alisikika na shule nzima akisema Kiswahili.

"Kiko Zambia, mwalimu," Subilaga alimjibu.

Fidelis alipotoka hospitali, Mkuu aliwasifu watatu hao mbele ya mstari. Kisha akamwita Subilaga pembeni.

"Sijasahau lile jambo letu. Ofisa elimu anataka ratiba, na mtihani hausomi habari za Ijumaa ile. Kikundi ni kimoja. Ila sasa nimekurahisishia: kibaki kile kilichomwokoa yule mtu."

Hakuwa akimdhihaki. Aliamini kweli kwamba amerahisisha.

Subilaga aliwaita watoto, akawaeleza kuwa kitabaki kikundi kimoja tu. Mwanzoni walipeana nafasi kama wageni wanaogombea kuhudumiwa wa mwisho.

"Wape gazeti, madamu," alisema Fidelis. "Mimi niliigiza tu."

"Usingeigiza, ningeandika tanzia," alijibu Enesia. "Wape mdahalo."

"Mdahalo gani, na mimi nikisema natoa filimbi?" Tusekile alicheka, akijiziba pengo kwa kiganja.

Ukarimu ukaisha hapo, maana kila mmoja aliona kuwa unyenyekevu wake unaweza kumpotezea kikundi chake.

"Lakini tuseme kweli," Fidelis alisema, akitazama vidole vyake visivyokunjika tena. "Wa kwanza kusimama mbele yao ni nani? Mtu alikuwa anachomwa. Ningechelewa, maswali yenu mngemuuliza nani?"

"Ulimpa dakika nne," alisema Enesia. "Ya tano angekufa vilevile, na ukweli wake ungeungua naye. Nani alijua habari za madigadi?"

"Ukweli ulikuwa kwenye karatasi," alisema Tusekile. "Karatasi inashika moto upesi kuliko mtu. Nani aliwafanya wausikilize?"

"Ulisema kwa Kiswahili. Hiki ni kipindi cha Kiingereza."

"Nilifundishwa wapi ujasiri huo, Enesia? Kwenye kibao?"

Wakamtazama mwalimu wao. Aliwatazama mmoja mmoja: vidole, meno, na mikono ya Enesia iliyokuwa ikibabuka kwa petroli. Alimfikiria Mkuu na simu yake. Alimfikiria hata Hosea, aliyekuwa akinywa uji kwa mrija gerezani, akajiuliza: kama angekuwa na uwezo wa kusema "nimemgonga mtoto, nisaidieni" kwa lugha yoyote ile, je, angeyasema?

Uamuzi ulikuwa wa Mkuu, na haukubadilika: kikundi kimoja, vingine viwili vifungwe. Aliyeutekeleza ni Subilaga mwenyewe. Siku ya mwisho ya muhula, kengele ya saa nane ilipolia, alichukua chaki, akaandika kwenye ubao wa matangazo jina la kikundi kimoja. Watoto wawili wakaingia ukumbini kutoa vitu vyao. Wa tatu akawafuata, akawasaidia kubeba, na hakuna aliyesema neno, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Jina lililoandikwa msimulizi analijua, na hatalitaja, kwa sababu kila alipolitaja wasikilizaji waliacha kufikiri wakaanza kumhukumu Subilaga. Msumari bado upo nyuma ya mlango. Chaki ni hii, nimekuwekea mkononi.

Je, wewe ungeandika jina gani, na wale wawili wakipita mbele yako na mizigo yao, ungewaambia nini?