Pingamizi la Fundi Baiskeli

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele, huku hakuna anayeng'ata. Nina mfano wenu leo.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Binti yake alifariki akamwachia, mdogo akiwa hajaota hata jino. Bibi akalima vibarua, akasuka mikeka, siku zikasogea. Lakini yule mkubwa alikuwa darasa la sita, sare imekuwa viraka juu ya viraka, na asubuhi moja bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, naona mwaka huu utanisaidia kuchunga mbuzi za watu." Mtoto alikwenda kulia nyuma ya choo, akarudi amenawa uso. Bibi aliona. Bibi gani asione?

Basi ukaja mpango wa serikali wa kusaidia kaya zinazolea watoto katika hali ngumu. Utaratibu mnaujua. Unapewa fedha kidogo, na wewe unahakikisha mtoto anakwenda shule na kliniki. Na mnajua majina hayo hayapiti hivi hivi, yanasomwa mbele ya kijiji kizima. Ilikuwa Jumamosi, darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mwezeshaji, binti wa watu aliyetoka wilayani na vumbi lake kichwani, anasoma jina, kisha anauliza: "Kuna pingamizi?"

Jina la bibi likasomwa. Akasimama jirani yake, fundi baiskeli. Si mtu mbaya, tuelewane. Mchapakazi, anampenda mke wake, ana binti mmoja wa miaka mitano anayemwita "mboni yangu". Lakini mdomo huo!

"Mimi nina pingamizi," akasema. "Huyu bibi namheshimu, ila tuseme kweli. Mimi na yeye tumetenganishwa na ua wa miiba tu. Sufuria yake kubwa kuliko ya nyumbani kwangu, na mimi nina kazi! Mtu mwenye shida anapika sufuria ile ale na nani?"

Darasa likanong'ona. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mwezeshaji akamgeukia bibi kwa upole. "Bibi, una watoto wangapi unaowalea?"

"Ah, mjukuu wangu, watoto hatuhesabu. Ukitaka kuku, nitakuhesabia."

Msicheke. Hata ninyi wazee wa kanisa mkiulizwa idadi ya watoto wenu mnajibu, "Mungu ametujalia." Nawajua.

"Lakini bibi, fomu inataka idadi."

"Andika wapo."

"Fomu haina nafasi ya 'wapo', bibi yangu."

"Basi mwaka huu imeandikwa vibaya," bibi akasema. "Twende nyumbani, uwaone kwa macho yako. Na ugali wangu nao unapoa."

Wakaondoka, mwezeshaji na fomu zake, mwenyekiti, na nusu ya mkutano. Fundi yuko mbele kabisa, maana anataka ile sufuria ionekane. Na kweli ilikuwa kubwa. Mwezeshaji akafunua, akachungulia. Ugali wa mtama umekaa chini kabisa, haufiki hata nusu, na pembeni bakuli la mlenda.

Bibi akachukua mwiko, akagonga ubavu wa sufuria mara tatu.

Wapendwa, watoto wakatoka! Watatu wakatoka ndani. Mmoja akatoka nyuma ya zizi. Wawili wakaja wanakimbizana kutoka njia ya kisimani. Na wa mwisho akapenya kwenye tundu la ua wa miiba, tundu la kimo chake hasa, ambalo miiba yake ilikwisha kulainika kwa kupitiwa. Binti wa miaka mitano. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani kwenye tenga la vyombo, akatoa sahani ya kijani, akanawa mikono, akakaa mahali pake.

"Bibi, leo ukoko ni zamu yangu."

Kila jioni fundi alikuwa akimwona binti yake huyo anabakiza chakula, na mke wake anasema, "Mwache, keshashiba." Naye alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba unga wa nyumbani kwake unafika mwisho wa mwezi kwa sababu yeye anajua kupanga.

Mwezeshaji akauliza, "Bibi, hawa wote ni wa kaya yako?"

"Wa kuandika ni wale watatu wa marehemu," bibi akasema. "Hawa wengine wanapita tu." Na hakutaja mtoto yupi ni wa nani. Hakumtazama hata fundi.

Hapo ndipo yule mtoto akainua kichwa, akamwona baba yake amesimama katikati ya watu. Uso ukamchangamka. Akasogea kidogo mkekani, akapiga-piga mahali palipobaki.

"Baba! Na wewe umekuja kula?"

Wapendwa, niambieni. Ungekuwa wewe, ungejibu nini?

Sisi ni mafundi wa kupima sufuria za wenzetu. Tunaona moshi kwa jirani tunasema huyo anazo. Tunajua nani apate na nani asipate. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tunapima ukubwa wa sufuria, hatuulizi wanaokula ni akina nani. Na mara ngapi Mungu amewalea watoto wetu kwa mkono wa mtu yule yule tunayesimama kumpinga? Nawapenda sana, na ndiyo maana siwafichi.

Sasa sikieni. Jumanne majina yanasomwa hapa kwetu, pale shuleni. Mwenye haki ya kuuliza aulize, wala siwazuii. Ila wewe unayejiandaa kusimama, nakuomba jambo moja tu. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwite mwanao. Muulize jana mchana alikula wapi.