Tonge la Bi Mwanaidi

Hii nililetewa na mtu, naye aliletewa na mtu. Isome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana waliokasirika katikati walikuwa wengi, na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Kondoa palikuwa na fundi cherehani mmoja anaitwa Zaituni. Mikono yake ilikuwa kwenye nguo za watu, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye filamu. Alijibana miaka miwili mpaka akatengeneza ya kwake ya kwanza, akaiita Bakuli la Mama Mkwe. Kamera aliishika jirani yake Kimolo, mpiga picha wa harusi. Waigizaji walikuwa majirani na wateja wake.

Nafasi ya mama mkwe alimwomba Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, bibi wa miaka sabini na mbili, aliyewafundisha nusu ya mji kusoma, kusali na kula kwa adabu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Haya, nitaigiza. Ila jina langu usinichezee, Zaituni. Sina kingine."

"Nakuahidi, Bibi," Zaituni akasema, na alisema kweli.

Wiki moja kabla filamu haijaonyeshwa ukumbini, Zaituni akatoa trela, yaani kile kipande cha dakika mbili cha kuwatia watu hamu. Mwisho wa trela ndio aliupenda kuliko yote. Mama mkwe, ambaye filamu nzima hataki hata kumtazama mke wa mwanawe, anamega tonge la ugali, analichovya kwenye mlenda, anamlisha yule binti kama mtoto wake wa kumzaa. Kila akiutazama, Zaituni alitokwa na machozi.

Akaituma Ijumaa baada ya sala, kwenye makundi yote ya WhatsApp aliyokuwemo, hata lile la wauza mbuzi. Akaweka simu chini, akabandika chai, akawa anasubiri pongezi.

Chai haijachemka, simu ikaanza kulia.

"Hivi nyie mna wazazi kweli?"

"Futa hiyo kitu. Futa!"

"Nilikuwa nakula, nimeacha."

"Mtu mzima anafanya hivi mbele ya watoto. Dunia imekwisha."

Mzee Swalehe, mwenyekiti wa wazazi wa chuo cha Bi Mwanaidi, alituma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Dakika mbili zilikuwa kukohoa na kumwomba Mungu msamaha, na ile moja iliyobaki hakumaliza sentensi hata moja.

Zaituni akaitazama trela upya. Hakuona kitu. Akaitazama bila sauti, akidhani labda wimbo ndio mbaya. Akakagua kanga ya yule binti isije ikawa imemteleza begani. Ilikuwa imekaa sawasawa. Akafikiria mlenda. Labda ulivutika sana ukaonekana vibaya? Lakini Kondoa nzima inakula mlenda, nani wa kuuonea kinyaa?

Kesho yake akaenda sokoni kwa Mama Shani, muuza nyanya, mtu anayesema kila kitu bila kuulizwa.

"Mama Shani, kwani trela yangu ina nini?"

"Zaituni, usinifanye mtoto."

"Wallahi sijui. Niambie."

"Haya bwana," akasema Mama Shani, akageuka kuzipanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Akamuuliza mwenye duka la vocha. Akajibiwa, "Kama wewe mwenyewe huoni, mimi nitakuonyesha vipi?" Akamuuliza shemeji yake, shemeji akacheka kicheko cha uchungu. Kila mtu aliamini anajifanya. Maskini Zaituni akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka, amekasirikiwa na mji mzima na hajui kwa kosa gani.

Jumapili habari ikawa mbaya zaidi. Chuo cha Bi Mwanaidi, ambacho Alhamisi kilikuwa na watoto arobaini, asubuhi ile walikuja kumi na mmoja. Wazazi walikuwa wamewazuia wengine. Zaituni aliposikia, maneno yale, "jina langu usinichezee," yalikuwa bado masikioni.

Jirani mmoja akamwonea huruma, akamnong'oneza ukutani, "Watu wanasema umelipiza kisasi."

"Kisasi cha nini tena?"

"Cha kile kitambaa."

Zaituni akakikumbuka kitambaa kile.

Utotoni alikuwa na shoto. Mkono wake wa kushoto ulitangulia kwenye kila kitu: kalamu, maji, chakula. Alipopelekwa chuoni na miaka saba, Bi Mwanaidi alichana kipande cha kanga, akaufunga mkono ule kiunoni kila ulipofika wakati wa uji. Mwaka mzima. Zaituni akajifunza. Mbele za watu akala kwa mkono wa kulia, na wakimsifu anatabasamu. Akiwa peke yake nyumbani, mkono ukafanya unavyotaka.

Akafungua simu. Akaipeleka trela mpaka kwenye tonge. Kwa mara ya kwanza hakutazama uso wa Bi Mwanaidi wala midomo ya yule binti. Alitazama mkono.

Ulikuwa wa kushoto.

Sina haja ya kukueleza. Huo kwetu ni mkono wa chooni, na kumlisha mtu kwa mkono huo ni kumwambia hana thamani hata ya mbwa. Mji mzima uliona kufumba na kufumbua. Zaituni alitazama mara mia asione, kwa sababu machoni pake ule ulikuwa mkono unaoleta chakula, basi.

Akatoka mbio hadi kwa Kimolo.

"Umeigeuza picha! Kulia umeiweka kushoto! Kimolo, umeniua!"

Kimolo akaisimamisha picha kwenye kompyuta, akaweka kidole nyuma ya kichwa cha Bi Mwanaidi, kwenye kalenda ya ukutani. "Soma, dada Zai."

Zaituni akasoma. "Machi." Herufi zilikuwa zimenyooka, kama zinavyosomeka kwenye kalenda yoyote.

"Sijageuza kitu," Kimolo akasema. "Tulipiga mara tano. Nne alilisha kwa kulia. Ya tano jua lishapanda, kachoka, kalisha kwa kushoto. Wewe ukaruka ukasema hii ndiyo, zile nyingine anaigiza."

"Uliona?"

"Niliona siku ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Mwongozaji ni wewe. Na wewe mwenyewe unakata vitambaa kwa mkono huohuo. Nikajua ndivyo unavyotaka. Hata yule binti aliyelishwa aliona, ila Bi Mwanaidi alimfundisha alifu, angemwambia nini?"

Zaituni alikuja akiwa hajui kitu kimoja, sasa hajui kingine. Mwalimu aliyemfunga yeye kitambaa, mkono wake wa kushoto ulitoka wapi?

Kimolo hakujali hayo. Alishapata dawa. "Jambo dogo. Kalenda naifuta. Jumamosi pale ukumbini unawaambia kompyuta iligeuza picha. Watabisha nini?"

Jioni ile Zaituni akaenda kwa Bi Mwanaidi. Alimkuta uani amekaa peke yake, mikeka imekunjwa, mbao za kuandikia zimepangwa ukutani. Mbao arobaini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa.

"Wameniambia umelipiza," Bi Mwanaidi akasema.

"Bibi, sikuona. Naapa sikuona."

"Kipande kile mlikipiga mara ngapi?"

"Tano."

"Ukachagua hicho."

"Ndiyo. Kwenye vile vingine ulikuwa unaigiza. Kwenye hiki ulikuwa unamlisha mtu."

Bi Mwanaidi akaishika shela yake chini ya kidevu. Zaituni akamweleza ule mpango wa Kimolo, kalenda na kompyuta na yote. Alitegemea bibi atafurahi. Au atakasirika. Bi Mwanaidi hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Jumamosi nitakuja," akaingia ndani. Zaituni akarudi kwake hajui kama amesamehewa au amelaaniwa.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hata harusi ya tajiri haijawahi kuujaza vile. Wengi hawakuja kutazama filamu, walikuja kumtazama Zaituni. Mzee Swalehe alikaa safu ya mbele, bakora katikati ya magoti. Bi Mwanaidi aliingia wa mwisho. Watu wakampisha njia bila kumwamkia, na hilo Zaituni hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Akasimama mbele, karatasi mkononi.

"Ndugu zangu. Ile trela... ilikuwa ni kompyuta. Picha iligeuka. Kulia ikaonekana kushoto. Bibi yetu hakufanya..."

Ukumbi ukashusha pumzi. Wengine wakaanza kucheka kwa nafuu. Mzee Swalehe akapiga bakora sakafuni. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Hakuwa amesema.

"Zaituni," sauti ikatoka nyuma. "Kaa chini, mwanangu."

Bi Mwanaidi alikuwa amesimama.

"Picha haikugeuka," akasema. "Mkono ule ni wangu."

Ukumbi mzima ukageuka nyuma.

"Nimezaliwa na shoto. Mama yangu wa kambo alinifunga kitambaa nina miaka sita. Nimekula kwa huu wa kulia miaka sitini na sita, na sikumbuki hata siku moja niliyokula bila kuufikiria. Siku ile nilichoka. Yule binti alinitazama kama mtu mwenye njaa ya kweli, nikasahau watu, nikasahau kamera, nikamlisha. Basi."

Akaitengeneza shela yake.

"Mkono wa kulia ndiyo adabu yetu. Nimeufundisha, na nitaufundisha mpaka nife. Lakini huyu Zaituni alipoletwa kwangu na miaka saba, nikamwona anachukua kikombe kwa kushoto, sikufikiria adabu. Niliogopa. Niliona watu wakimtazama yeye wataniona mimi. Ndiyo maana nilimfunga kuliko wenzake wote, na wengine walikuwa na makosa makubwa kuliko yake." Akamgeukia. "Nisamehe, mwanangu. Kisasi ungelipiza ungekuwa na haki, na wewe hata mkono hukuuona."

Zaituni akaikunja ile karatasi.

"Leo asubuhi chuoni," Bi Mwanaidi akamalizia, "kulikuwa na watoto watatu wenye vitambaa. Nimevifungua. Mwenye kuniondolea mtoto wake kwa sababu hiyo, aniondolee." Akakaa.

Sasa ungetegemea watu wapige makofi. Hawakupiga. Walitazamana. Wengine wakainuka wakatoka, na Zaituni hakujua kama ni hasira au aibu. Mama Shani alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga huku bado amenuna. Mzee Swalehe naye akasimama, na Zaituni akadhani naye anatoka. Mzee akajikongoja na bakora yake hadi alipokaa Bi Mwanaidi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, mzee mzima, akavuta kiti akakaa pembeni yake. "Washeni hiyo filamu. Tumekuja kutazama au kushangaa?"

Wakawasha. Lilipofika tonge, hakuna aliyekohoa.

Jumatatu walirudi watoto thelathini na mmoja. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Lakini mimi kinachonirudia ni kile cha Jumamosi hiyohiyo baada ya filamu. Bi Mwanaidi alimshika Zaituni mkono, akaenda naye kwake, akatenga ugali na mlenda kwenye sinia moja. Wakanawa. Zaituni akanyoosha mkono wa kulia kama alivyofundishwa, ukafika katikati ukasimama, na mwenyewe hajui aurudishe au aupeleke mbele.

"Kula, mwanangu," Bi Mwanaidi akasema. "Hapa tupo wawili tu."

Bibi akamega tonge, akalichovya, akamlisha. Zaituni akalipokea kinywani akilia, na hakutazama limetoka mkono gani.

Funzo: Kabla hujamtukana mtu kwa dakika mbili ulizomwona, jiulize ni miaka mingapi amejifunga ili apendeze machoni pako.