Shimo Alilolichimba Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hao ni watoto peke yao. Na ninyi wakubwa, mliosinzia kanisani asubuhi, mwaendelea kusinzia hapa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kale hiyo, wanyama wote walipokuwa wakisemezana, palikuwa na Mama Nungunungu. Alikuwa na watoto wawili. Miiba yao ilikuwa bado laini, laini kama nywele.

Kiangazi kimoja moto ukashika nyika. Uuuu! ukavuma. Pa! pa! pa! nyasi zikapasuka. Mama Nungunungu akakimbia na wanawe. Wakakimbia, wakakimbia, hata wakafika penye shimo.

Shimoni alikuwamo Ngiri. Mnajua Ngiri huingiaje shimoni? Huingia kinyumenyume, mkia ukitangulia, uso ukibaki mlangoni. Basi Mama Nungunungu akakutana na meno tu, marefu, yaliyopinda.

"Hodi, Mzee Ngiri! Moto huo waja. Tupokee!"

"Shimo langu halina nafasi."

"Mungu ametuamuru tuwapokee wageni, mzee wangu."

"Amri hiyo naijua tangu wewe hujazaliwa. Usinihubirie mlangoni kwangu."

"Basi wachukue hawa watoto. Mimi niache nje."

"Nimesema hakuna nafasi!"

Mama Nungunungu akatazama nyuma. Moshi, moshi mtupu. Miguu ya wanawe imechoka, haiwezi tena. Moyo ukamvunjika. Akaketi palepale, akawafunika kwa mwili wake wasiuone moto. Akaanza kuwasimulia hadithi, ili wafe bila hofu.

"Wanangu, palikuwa na kinda la bundi. Lilikosa pa kulala. Mvua ikalinyeshea, cho! cho! cho! Likaona tundu mtini. Kigong'ota alikuwa amelitoboa, ngo! ngo! ngo!, kisha akaenda zake, akaliacha wazi kwa yeyote. Kinda likaingia, likapona. Likakua, likawa bundi mkubwa. Siku moja mvua ikanyesha tena. Akaja ndege mdogo, shorewanda, akatetemeka mlangoni..."

Kikohozi kikamkatiza.

"Halafu?" Sauti hiyo ilitoka shimoni.

"Halafu bundi akamfukuza."

"Akamfukuza!" Ngiri akafoka. "Kwenye tundu asilolitoboa yeye! Hana haya huyo bundi?"

Mama Nungunungu akazidi kuwafunika wanawe.

Moto tu, uuuu! Ngiri akageuza jicho, akatazama ukuta wa shimo lake. Akaona alama za makucha, ndefu, zimepita huku na huku. Ngiri hana makucha ya namna ile. Ni Mhanga, yule mnyama mla mchwa, aliyechimba, akalala siku tatu, akaondoka bila kudai kitu. Ngiri alilikuta shimo tupu, akaingia tu.

Akatoka mbio. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na si kwa ajili ya moshi.

"Ingia, mwanangu. Ingia na watoto. Upesi!"

Wakaingia. Wakasogea hadi mwisho. Ngiri akaingia baada yao, kinyumenyume kama kawaida yake, akauziba mlango kwa mwili wake. Moto ukapita. Ukamchoma uso, ukamla manyoya ya shingoni. Hakusogea.

Moto ulipokwisha na ardhi kupoa, watoto walikuwa hai. Ngiri alikuwa hai pia, ila jicho lake moja halikuona tena hadi alipokufa.

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Ngiri aliijua amri, lakini amri haikumtoa shimoni. Hadithi ndiyo iliyomtoa. Ndiyo maana Bwana Yesu, akiwafundisha wenye mioyo migumu, alikaa nao akawasimulia. Na funzo lenyewe ni hili: neema ya Mungu hakuna aliyeichimba kwa makucha yake. Sote tuliikuta iko wazi. Usimzuie mwenzako mlangoni.

Hadithi yangu imetua hapo. Nami naomba, kabla hamjalala leo, kila mmoja amkumbuke yule ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mlangoni kwake.